Nywele Zilizokataa Wembe

Mzee Wekoye alianza na kichwa cha Mukhwana, kwa sababu ndiye aliyefiwa na mke. Mukhwana aliketi kwenye kiti cha plastiki kilichoazimwa kanisani, leso mabegani, beseni la maji ya vuguvugu miguuni. Baada yake wangefuata watoto wakubwa, kisha mama mzazi wa marehemu, kisha Nelima, mdogo wa marehemu, na mwisho kichanga aliyeachwa. Wembe ulikuwa mpya. Wanawake walikuwa jikoni wakitafuta vikombe vya kutosha na, kama kawaida ya matanga, havikutosha.

Huko Bumula siku ya kunyoana baada ya maziko si siku ya nywele tu. Ndiyo siku ya kuambiwa wazi, mbele ya ukoo, mtu wenu alikufa na nini. Mkishaambiwa mnanyolewa, na msiba unaondoka pamoja na zile nywele. Asiyenyolewa hutulia kwake. Mukhwana alikuwa akiuza miche ya sukuma wiki na nyanya sokoni Myanga, na hakuna mteja ambaye angepokea mche kutoka mkononi mwa mfiwa ambaye bado ana nywele za matanga. Tena, na hili ndilo lililomuuma zaidi, katika nyumba ile baba asiyenyolewa habebi mtoto mchanga. Tangu mkewe Nasike afe, Mukhwana alikuwa akimwona mwanawe mikononi mwa watu wengine.

"Haya," mzee Wekoye alisema, "nani atatuambia Nasike alikufa na nini?"

Watu walimgeukia Nelima. Alikuwa mwaka wa nne wa shahada ya uuguzi Kitale, amebakisha muda mfupi amalize, na pale nyumbani walishaacha zamani kutofautisha muuguzi na daktari. Nasike ndiye aliyeanza kumwita daktari, tangu siku aliyopata barua ya chuo. Alipobeba mimba hii alikataa kabisa kujifungulia karibu. Alisema ana dada yake Kitale, anafanya mazoezi katika wodi ya wazazi, na mikono ya dada yake inamtosha. Basi akaenda mapema, kabla ya siku zake, akakaa katika chumba cha Nelima akingoja.

Nelima alisimama, akasema alichoambiwa hospitalini aseme.

"Alichelewa kufika."

Hakuna aliyemuuliza zaidi. Mukhwana alitazama vidole vya miguu yake. Ni yeye aliyembebea mkewe mfuko hadi stejini kupanda gari, mapema vile, na alijua Nasike hakuwa mtu wa kuchelewa. Lakini daktari akishasema, muuza miche atabisha nini?

Wakanyolewa wote. Chai ikaja, na kabla haijapoa nywele zilikuwa zimerudi. Hazikuja kwa kishindo. Ziliota tu polepole huku watu wakizungumza juu ya bei ya mbolea, hadi kila kichwa kikawa vile kilivyokuwa asubuhi, hata mvi za Mukhwana za kisogoni zikawa mahali pake. Kichanga, ambaye alizaliwa na vinyweleo laini tu, alipata nywele za kufunika masikio.

"Huu wembe ni mpya kweli?" mzee Wekoye aliuliza.

"Ni mpya, mzee. Si nimeufungua hapo mbele yako," mama mmoja alijibu kutoka jikoni.

Walijaribu mwingine. Nywele zikarudi tena. Mzee Wekoye akaomba maji ya kunawa.

"Basi hiyo neno haijatoka," alisema, bila kumtazama mtu. "Ikipatikana mtaniita."

Watu walimaliza chai, wakarudi makwao kwa sababu ng'ombe walikuwa wanangoja kukamuliwa.

Nelima aliporudi Kitale alikuta mambo ni yale yale. Sista Roselyne, msimamizi wa wodi, alikuwa amenyoa asubuhi, na kufikia wakati wa kugawa dawa nywele zilikuwa zimefika mabegani. Ilikuwa hivyo kwa kila mtu aliyekuwa zamu siku Nasike alipokufa. Hakuna aliyelizungumzia kwa urefu. Ofisi ilimwita Naim, kinyozi mwenye kibanda karibu na msikiti, akapewa kiti na soketi ya umeme kwenye veranda ya nyuma, na wafagiaji wakaambiwa wapitie hapo kwanza kabla ya kwenda jikoni. Naim alisema nywele ni nzuri, ila zina ubaridi, kama zimetoka majini.

Chuoni, katika chumba cha mazoezi, sanamu ya plastiki ambayo wanafunzi huifunga bendeji na kuidunga sindano ilikuwa nayo imeota nywele. Zilikuwa zimesukwa mistari iliyonyooka, na mmoja umepinda kidogo karibu na sikio. Mwalimu Gichuki, ambaye ndiye mtahini wa mafunzo ya wodini, aliizunguka mara moja akitazama.

"Vizuri," alisema. "Leo basi tufanye usafi wa nywele za mgonjwa asiyejiweza."

Ilipofika zamu ya Nelima alishika kitana. Ule mstari uliopinda aliusuka mwenyewe, Nasike akiwa amekaa sakafuni katikati ya magoti yake, akilalamika kwamba daktari gani huyu anavuta kichwa cha mtu hivi. Nelima akafumua, akaosha, akakausha, akapata alama zake. Kesho yake asubuhi sanamu ilikuwa imesukwa tena.

Kilichompata Nasike hakikuwa kitu cha kufichika. Siku ile ilikuwa ya mtihani wa wodini. Wakija watahini, wodi hupambwa kama nyumba inayongoja wageni. Mashuka mapya hutolewa stoo, mashuka ambayo mgonjwa wa kawaida hayaoni, na wageni wakiondoka hukunjwa na kurudishwa. Kila kitanda hutandikwa pembe zikachomekwa, blanketi likanyooshwa juu ya mgonjwa hadi lisiwe na kunyanzi, na akina mama huombwa walale wanyooke, wasiitishe kitu, wasifunuliwe mpaka wageni wamemaliza. Nasike alikuwa amejifungua asubuhi, salama, mtoto mkubwa wa kujivunia. Nelima mwenyewe alimchomekea shuka akimtania kwamba leo amelala kama mke wa gavana. Nasike alicheka.

Kisha Nelima akapewa mgonjwa wake wa mtihani, mama mwenye nguvu zake, amwogeshe kitandani huku akieleza kila hatua kwa sauti. Wauguzi waliofuzu walikuwa wametumwa kuandaa chai ya watahini. Mwalimu Gichuki alisimama miguuni pa kitanda, kalamu mkononi. Nelima alipofika kwenye kueleza kwa nini uso huoshwa bila sabuni, Nasike alimwita.

Aligeuka. Blanketi lilikuwa jeupe na limenyooka.

"Endelea na mgonjwa wako," Mwalimu Gichuki alisema, wala si kwa ukali.

Nelima akaendelea. Nasike alimwita tena, halafu hakumwita. Wageni walipokwenda kunywa chai, Nelima akachomoa pembe ya shuka, damu ilikuwa imejaa godoro lote na dada yake alikuwa baridi. Alifaulu vizuri sana mtihani ule.

Sista Roselyne alimshika mkono jioni hiyo. Alikuwa amelia kweli, macho yamevimba. "Tuseme alichelewa kufika," alisema. "Tukisema ingine, wewe ndio utaumia kwanza. Si ni wewe ulitandika?" Kisha akamkumbusha kwamba hajamtilia sahihi ya kumaliza mazoezi. Bila sahihi hiyo hakuna mtihani wa baraza la wauguzi, na bila mtihani wa baraza miaka yote minne ingekwenda na maji.

Kwa hiyo Nelima alinyamaza, akawa anakwenda kwa Naim kila asubuhi kama wengine, na usiku alisoma.

Alipopata nafasi ya kwenda nyumbani alimkuta Mukhwana nyuma ya nyumba. Miche ilikuwa imerefuka kitaluni, mingine imeanza kutoa maua, kwa kukosa wa kuihamisha. Mtoto alikuwa akilia ndani. Mukhwana alienda akasimama mlangoni, hakuvuka kizingiti, akaanza kumwongelesha kutoka pale pale. Alimwambia bibi yake anachemsha maziwa. Alimwambia mvua inakaribia. Mtoto aligeuza kichwa kutafuta ile sauti inakotoka, nywele zimemfunika macho.

"Mulamwa," Mukhwana alisema bila kugeuka, na hivyo ndivyo alivyozoea kumwita shemeji yake, "sikuulizi ili nipigane na mtu. Mimi nataka tu kubeba mtoto."

Nelima aliketi kwenye ngazi ya mlango. Alitamani hata kutukanwa. "Itisha mzee Wekoye," alisema.

Walikuja watu wachache tu, wa karibu. Nelima alisimama akasema Nasike hakuchelewa. Alieleza mashuka, wageni, na amri ya kutofunua mtu. Alisema dada yake alivuja damu mpaka ikaisha akiwa chini ya blanketi safi. Mama yao alikuwa ameshika kikombe, akakiweka chini taratibu. Mzee Wekoye alishusha pumzi, akachukua wembe.

Safari hii nywele zilirudi upande wa kushoto pekee. Kila kichwa kilikuwa hivyo, cha Mukhwana, cha mama, cha watoto, cha Nelima, hata cha kichanga. Kulia upara, kushoto nywele, na mpaka wake umenyooka.

Mzee Wekoye aliutazama mpaka huo kwa makini ya mtu aliyenyoa vichwa vingi.

"Imebaki nusu," alisema.

Kuku walipita. Nelima alikuwa ameyatamka maneno mengine yote njiani, tangu gari lilipopita Kiminini, akiyapanga na kuyapangua, isipokuwa hili moja.

"Aliniita," alisema.

"Kwa jina?" Mukhwana aliuliza.

"Kwa jina. Mara mbili."

"Na wewe?"

"Nikaendelea kueleza."

"Kueleza nini?"

"Kuosha uso."

Mukhwana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelekezwa njia akaielewa. Mzee Wekoye akanyoa upande uliobaki, kichwa baada ya kichwa, na cha Nelima hakukipita. Chai ikaletwa, ikapoa, nywele hazikurudi. Mukhwana aliinuka, akavuka kizingiti, akamchukua mtoto, akaufunga mlango nyuma yake. Nelima alingoja afungue amuage walau kwa macho. Hakufungua. Mama yao alimsukumia kikombe.

"Kunywa uende," alisema. "Usikose gari."

Kesho yake Nelima alimkuta Sista Roselyne kwenye kiti cha veranda, nywele zikianguka pande zote, Naim akimzunguka na mashine. Alisimama mbele yake na upara wake, akasema amewaambia watu wa nyumbani kila kitu. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Alikuwa hata ameshapanga nguo zake kwenye begi.

"Na wewe imeacha kuota?" Sista Roselyne aliuliza, akimtazama kichwani kwa wivu kidogo.

"Imeacha."

"Sawa. Watu wako watashtaki?"

"Hawajasema hivyo."

"Hawatashtaki." Aliinamisha shingo ili Naim afike kisogoni. "Sahihi yako nitaweka Ijumaa, usijali. Kesho tuko na watahini wa mwaka wa pili. Enda stoo utoe mashuka."

Nelima alikwenda stoo. Alisimama mbele ya rafu muda mrefu, mikono mitupu. Alifikiri kusema hapana, na neno lenyewe lilikuwa jepesi, angeweza kulitamka. Kisha akafikiria Ijumaa. Akajiambia atatandika, lakini atapitisha mkono chini ya kila blanketi kwanza, na hilo ndilo litakalokuwa tofauti yake na wengine.

Alifanya hivyo kweli. Alipitisha mkono chini ya kila mama, pakavu, akachomeka pembe, akanyoosha blanketi. Watahini walipoingia, Mwalimu Gichuki mbele, nywele zake zikiwa zimefungwa nyuma kwa bendeji, wanafunzi wasiofanya mtihani walijipanga ukutani mikono nyuma, kama walivyofundishwa. Msichana wa mwaka wa pili alianza kueleza kwa sauti jinsi ya kupima joto la mgonjwa. Alikuwa anaeleza vizuri.

"Sista," mama wa kitanda cha dirishani aliita, kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusumbua.

Nelima alitazama mbele.

"Sista."

Juu ya sikio, chini ya kofia, upara ulianza kumwasha.