Mkasi Mdogo wa Pavlina

Zdravka alirudi kutoka kwa binti yake na kilo tatu za tini, akakuta mumewe amemuulia mmea wake wa indrishe.

Hakukusudia, masikini. Mzee Gancho aliandikiwa kabisa kwenye karatasi: maji mara moja kwa wiki. Lakini kwa kuogopa lawama akamwagilia asubuhi, mchana na jioni, kila chungu kilichokuwa madirishani. Mnanaa ulishangilia. Pilipili za kwenye makopo ya mtindi ziliinamisha vichwa, zikavumilia. Indrishe, ile yenye majani yanayonukia waridi, iliyotoka kwa marehemu mama yake Zdravka, ilioza shina mpaka mzizi.

"Niliisemesha pia," Gancho alijitetea.

"Ungeisikiliza! Ilikuwa inapiga yowe kwamba inazama."

Akacheka kidogo, kisha akaketi na mfuko wake wa tini mapajani, akalia. Kila mwaka aliweka jani moja la indrishe ndani ya kila chupa ya jamu, kama mama yake. Bila jani hilo jamu ilikuwa sukari tu. Sokoni indrishe zilijaa tele, lakini hakuna hata moja iliyowahi kuguswa na mkono wa mama.

"Si iko kwa Pavlina, ghorofa ya nne?" Gancho alisema.

"Kwa yule mwizi?"

"Huyo huyo. Aliiba kwako, nawe kaibe kwake. Mambo yaishe, tule jamu."

Mji mzima wa Haskovo unajua hivyo: kitawi cha kuomba hukauka, cha kuibwa hushika mizizi. Na hata ukiona mwenye mmea anakuachia makusudi, usithubutu kusema asante, maana ukishaitamka tu, mmea unakufa. Kwa hiyo wanawake wa jengo lile waliibiana kwa adabu zote, na Pavlina, aliyetembea na mkasi mdogo mkobani, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Ila indrishe ya mama ilikuwa haiguswi. Miaka minne nyuma, Zdravka akiwa jikoni na birika la kahawa mkononi, alimwona Pavlina kwenye kioo cha ukumbini akikata kitawi, chap! Hakusema neno pale pale. Alilisema baadaye, kuanzia ghorofa ya kwanza hadi duka la mikate, na kila alipolisimulia alilitia chumvi. Tangu hapo wakawa wanasalimiana kwa kidevu.

Sasa Zdravka alipanda ngazi na sahani ya tini, moyo ukimdunda kama msichana anayetoroka kwao.

"Makubwa!" Pavlina alifungua mlango. "Miaka minne! Nilidhani miguu yako imesahau ngazi, jirani."

"Magoti tu, jirani. Nimekuletea tini."

"Ingia basi, keti hapo karibu na dirisha. Nikupikie kahawa."

Dirisha lile lilikuwa ushahidi mtupu. Jeraniamu nyekundu ya ghorofa ya pili, shubiri ya mwalimu mstaafu, mrehani wa mwenye duka, mimea yote imenenepa kwa jua la mchana. Katikati yake ilisimama indrishe, pana, mbichi, yenye afya kuliko ilivyowahi kuwa kwa Zdravka. Alipoinusa machozi yakamlengalenga. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba amekuja kuiba bila mkasi.

Mkasi ulikuwepo. Uliwekwa kando ya chungu, na chini yake kitambaa kilicholowanishwa maji, kimekunjwa vizuri.

Kutoka jikoni Pavlina alianza kuimba kwa sauti ya juu, sauti mbaya kweli, ili mtu ajue yuko mbali. Kahawa ya kikombe kimoja haimalizi dakika tatu. Ile ilichukua kumi na tano. Zdravka alikata, akafunga kwa kitambaa, akasukumiza mkobani, akaketi wima kama yuko kanisani.

"Imepoa kidogo," Pavlina alisema akiweka vikombe. Dirisha hakulitazama hata kwa bahati mbaya. "Mkoba wako mzuri. Unanukia."

"Ni wa zamani."

"Naona."

Wakanywa. Kisha Pavlina akaweka kikombe chini.

"Siku ile kwako nilikuona kwenye kioo. Umesimama na birika, kimya. Nikasema moyoni, jamani, huyu ni rafiki kweli, ananiachia niibe cha mama yake. Nilipanda ngazi nikilia kwa furaha. Wiki haijaisha, muuza mikate ananiita mwizi."

Zdravka aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Miaka yote minne alijiona ndiye aliyekosewa. Asante ilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi, akaimeza haraka, maana kitawi kilikuwa bado hakijaonja udongo. Akatafuta neno jingine. Lilikuwepo moja, na tangu azaliwe hajasikia mtu akisema kwamba hilo linaua mmea.

"Nisamehe, Pavlina."

Pavlina alichukua tini, akaimenya taratibu, ganda lote, kabla ya kujibu.

"Kunywa," alisema, akimsogezea kikombe. "Habari za indrishe yako zilipanda ngazi kabla yako. Na huyo Gancho wako akiisogelea tena na maji, mimi siibiwi mara ya pili."