Benchi la Pikapu

Mwanzoni Aune alimwita mumewe kwa jina la kaka yake aliyekufa, wakacheka wote wawili. Kisha akawa hamwiti kwa jina lolote. Theluji ya kwanza ya mwaka ule ilipoanguka akaanza kumwita "fundi", na hapo Reino Kangas hakucheka tena.

Tusimlaumu sana mwanamke wa watu. Mtu anavaa ovaroli tangu asubuhi, mikono imejaa grisi, anaingia jikoni kunywa kahawa na kurudi gereji, wewe ungemwita nani? Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemla Aune nusu, lakini nusu iliyobaki ilikuwa na akili zake: kuna mwanamume uani, anatengeneza gari, basi ni fundi. Alikuwa akimpelekea kahawa na kipande cha mkate wa iliki, anasimama mlangoni kwa adabu, anauliza kazi imefika wapi. Halafu anauliza lile ambalo Reino aliliogopa kuliko baridi.

"Fundi, mume wangu hajasema anarudi saa ngapi?"

Siku za kwanza Reino alijaribu kumwambia, ni mimi hapa, mke wangu, nitazame vizuri. Aune akaingiwa na hofu, akarudi kinyumenyume mpaka akamwaga kahawa. Basi mzee akajifunza kujibu kama fundi. Akawa anasema hajui, labda jioni, kisha anaingia tena chini ya gari ili asionekane uso.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya zamani iliyooza ghalani miaka na miaka, kuku wakitagia ndani. Ndiyo aliyokuwa nayo alipomchumbia Aune. Na Reino hakuifufua kwa kupenda vyuma tu, kama wanaume wengine wa kule kaskazini, nchi ya maziwa yanayoganda, ambao baridi ikiingia kila mmoja hujifungia na mkweche wake hadi theluji iyeyuke. Alikuwa amewekeana ahadi na binti yake.

Binti huyo, Lorna, alikaa mjini, na alikuwa ameshampatia mama yake nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Si mtoto mbaya, mtu asimseme. Mama yake alikuwa ameacha jiko likiwaka zaidi ya mara moja, na majani yalipokuwa yakipukutika alikutwa barabarani amevaa ndara. Lorna alitaka kumchukua palepale. Reino, mtu asiyejua kuomba hata chumvi mezani, akaomba. Akaomba majira ya baridi tu. Angeitengeneza pikapu, ampandishe Aune, amzungushe njia ya ziwani kama walivyokuwa wakienda zamani, na Aune angemkumbuka. Lorna akakubali.

"Lakini, baba, barafu ikianza kulegea nakuja," alisema. "Nikikuta hata jina lako halijui, naondoka naye. Naomba siku hiyo tusibishane."

Basi Reino akafanya kazi. Alichomelea sakafu iliyoliwa na kutu, akapiga msasa bodi nzima kwa mkono, akafungua injini akaipanga upya kipande kwa kipande juu ya magazeti. Vidole vilipasuka kwa baridi, akavizungushia utepe wa gundi akaendelea. Kila bolti iliyogoma aliipasha moto, akaibembeleza, akaitukana kwa Kifini, lugha ya mama yake, na mwishowe ikafunguka. Kwa chuma alikuwa na jibu siku zote. Akitoka gereji na kuingia jikoni, ndipo anakuwa hana jibu hata moja.

Na hapa ndipo ninapotaka kumkamata Reino shati. Kufufua, angefufua akaishia hapo. Lakini mafundi wana ugonjwa wao: hawawezi kurudisha kitu kama kilivyokuwa bila kukiongezea. Pikapu ile ilikuwa na benchi moja, kiti kirefu kutoka mlango hadi mlango, springi zimechomoza. Gia yake ilikuwa ndefu, imesimama katikati ya sakafu, na ngumu kama punda. Reino akawaza, Aune siku hizi anasikia baridi, mgongo unamuuma. Na mimi goti langu la kushoto haliwezi tena klachi. Akaenda kwenye makaburi ya magari, akang'oa viti viwili vya kisasa kwenye gari lililogonga mti, viti vyenye nyaya za kupasha moto ndani, na katikati yake kisanduku cha kuwekea vikombe. Akang'oa pia gia inayojibadilisha yenyewe, isiyotaka klachi. Akavifunga vyote. Alijisifu, na mimi ningejisifu.

Benchi akampa jirani yake Sulo, mzee mwenye maneno mengi kuliko samaki aliowahi kuvua, aliweke kwenye kibanda chake cha mbao juu ya ziwa lililoganda, ambamo alivua samaki kupitia tundu kwenye barafu. Reino mwenyewe alikwenda kulifunga. Alizikaza bolti kwenye mbao za sakafu mpaka jasho likamtoka, akamwambia Sulo hata kifo kisingeling'oa benchi lile. Sulo akalikalia, akalipapasa.

"Bwana wee, umetia gari viti vya daktari wa meno, ukanipa mimi kitanda cha arusi," akamwambia. "Mlikuwa mnapita hapa, wewe na Aune, mmegandana mpaka mama yangu akasema lile gari linaendeshwa na mtu mmoja mwenye vichwa viwili."

Reino alicheka. Alisikia mzaha, hakusikia alichoambiwa.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa. Kule msichana aliyechumbiwa hakai dirishani. Anapandia mlango wa dereva, anateleza juu ya benchi, anakaa katikati, ubavu kwa ubavu na mwenye gari, na watu wakiwaona wanajua mambo yamefika pazuri. Aune alikaa hapo tangu uchumba, na hata walipozeeka hakuhama. Gia ilikuwa mbele ya magoti yake, kwa hiyo ikawa yake. Anasema, "Kanyaga," Reino anakanyaga klachi, Aune anaingiza gia, "Achia," Reino anaachia. Tena baridi ya kule huwezi kuwasha gari ukaondoka. Unaiacha injini ingurume ipate moto kwanza. Uchumba wao wote ulikuwa wa kusubiri injini. Reino mwenye haya, asiye na maneno, injini ilikuwa imeshapata moto zamani, naye bado anasema, "Acha ipate moto kwanza," ili wakae kidogo zaidi.

Hayo yote aliyajua. Ndiyo yaliyomfanya aamue kuitengeneza. Sasa uniambie mtu anawezaje kuyajua hayo, kisha akashika spana akang'oa benchi na gia kwa mikono yake mwenyewe.

Pikapu ikawaka mwezi wa tatu, asubuhi yenye jua. Lorna alikuwa amepiga simu kwamba anakuja kesho yake. Reino alinyoa ndevu, akavaa shati la kanisani ili asifanane na fundi, akamtoa Aune nje amemshika mkono. Rangi ilikuwa ileile ya kijani. Aune akasimama. Akaliwekea boneti kiganja, akakiacha hapo, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

Aune hakwenda mlango wa abiria. Alizunguka akaenda wa dereva, akaufungua mwenyewe bila kuelekezwa, akapanda, akaanza kuteleza kwenda katikati. Paja likagonga kisanduku cha vikombe. Akajaribu tena. Akakisukuma kwa mkono, akakipiga kidogo kwa ngumi, kisha akatafuta gia mbele ya magoti, akapapasa hewa. Reino alikuwa amesimama kwenye theluji ameshika mlango, na ndipo alipoona. Aliona yote kwa mara moja, tangu siku ya kwanza aliposhika spana.

Akamzungusha hadi upande wa pili, akamketisha, akamwashia kiti kipate moto. Aune akakaa mbali naye, mikono juu ya magoti, kama mgeni anayesubiri kuitwa na daktari. Akamtazama Reino, akatazama kisanduku.

"Fundi, kazi yako ni nzuri, sikatai," alisema taratibu, maana hakutaka kumvunja moyo. "Lakini mimi sasa, mume wangu ataniweka wapi?"

Majuto ni mjukuu. Reino aliingia ndani akampigia Sulo simu, akamwambia analitaka benchi lake sasa hivi. Sulo, kwa mara moja maishani, hakutania. Alisema mwenyewe yuko mjini kwa daktari, kibanda hakijafungwa, akachukue. Barafu bado nene, ila aende mapema, wiki hii vibanda vyote vinaondolewa ziwani.

Aune asingeweza kuachwa peke yake, wakaenda wote. Pikapu ikatembea juu ya ziwa bila kelele, bila kutikisika, gari zuri kabisa, na Reino alilichukia kila hatua ya njia. Akaegesha kando ya kibanda, akaacha injini ikiwaka ili Aune asipate baridi, akaingia na sanduku la vyombo.

Bolti zilikuwa nne. Maji yanayomwagika wakati wa kuvua yalikuwa yameziingia, yakaganda, yakayeyuka, yakaganda tena, mpaka zikawa donge moja la kutu na barafu. Reino akapiga magoti. Akaweka spana, akavuta. Akaikalia spana kwa uzito wote. Bolti ya kwanza ikalika kichwa, spana ikawa inazunguka bila kushika kitu. Ya pili vivyo hivyo. Alizikaza mwenyewe hizo, hakuna wa kumlaumu. Angekuwa na moto wa kuchomelea angezikata, lakini mtungi ulikuwa nyumbani, na hata akizikata, kuna gia ya kurudisha, kuna kazi ya wiki nzima, na Lorna anakuja kesho. Akapiga ya tatu kwa nyundo, akajigonga kidole. Akabaki amepiga magoti kwenye mbao, kando ya tundu la kuvulia lililoziba barafu nyembamba, mzee mzima, akalia. Alilia kwa sauti, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mlango ukafunguliwa. Aune aliingia, kofia imekaa upande, akatazama kibanda, akatazama benchi. Akakaa mwisho wake, upande wa mlango. Akateleza mpaka katikati. Springi ikalia chini yake, sauti ileile. Akatulia hapo kidogo, kisha akalipiga benchi kiganja mara mbili, pale kando yake.

"Reino," alisema, "utakaa chini hapo mpaka lini? Panda, mlango unaingiza baridi."

Mzee alinyanyuka. Hata sijui alinyanyukaje na goti lile. Alifunga mlango, akakaa mahali pake pa zamani, na bega la Aune likaja likakaa kwenye bega lake. Hakuthubutu kumtazama. Alitamani Lorna awe pale, alitamani hata Sulo awe pale, mtu yeyote mwenye masikio. Hapakuwa na mtu. Na alijua, kama anavyojua sauti ya injini inayotaka kuzimika, kwamba kitu hiki hakitafika nchi kavu. Benchi haling'oki, na Aune akiinuka juu yake, jina litabaki huku.

Mbele ya magoti ya Aune palikuwa na ndoo, na ndani yake umesimama upawa wa Sulo wa kutolea barafu kwenye tundu, wenye mpini mrefu. Aune akaushika mpini ule kwa juu, bila kuutazama.

"Kanyaga," akasema.

Reino akatazama mbele. Mbele palikuwa na ukuta wa mbao na msumari wenye glavu za Sulo. Akaunyoosha mguu wa kushoto, akakanyaga ubao wa sakafu, akaukandamiza mpaka goti likamchoma. Aune akasukuma mpini, ndoo ikakwaruza. Wakakaa.

"Mbona hatuendi?" akauliza.

Majira yote ya baridi kila kilichogoma kuondoka alikuwa amekipatia dawa. Nje, pikapu mpya ilikuwa inanguruma polepole, haina wa kuipanda.

"Acha ipate moto kwanza," alisema.

Aune akakubali kwa kichwa. Mtu wa kule hahitaji kuelezwa hilo mara mbili. Akamwegemea, mkono ukiwa bado juu ya mpini, akangoja. Reino naye mguu wake akauacha palepale chini, ukitetemeka, kwa kuwa alikuwa hajaambiwa aachie.