Koo Lililong'aa Lote

Nilikuwa nimechoka hata kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala kitandani. Jua la Garissa lilikuwa halina huruma, feni ya chumba cha kamera ilikuwa imekufa, na mimi ndiye muuguzi pekee wa mradi wa kupima saratani ya koo anayejua Kisomali. Kila neno la daktari lilipita kwangu likienda, na kila kilio kilipita kwangu kikirudi.

Mgonjwa wa mwisho siku hiyo alikuwa Ebla, niliyemwita eedo, yaani shangazi, kwa heshima ya umri wake; alitoka Hulugho, mbali karibu na mpaka wa Somalia, na mwanawe Mahat. Chakula kilikuwa kimekataa kupita kooni. Hata maziwa ya ngamia aliyameza kwa taabu. Saratani ilikwisha kuthibitishwa. Lililobaki ni kujua imeenea wapi. Kama ni kipande kimoja, madaktari wa Nairobi wangekikata. Kama imetambaa koo zima, angerudishwa nyumbani na dawa za maumivu tu.

Hapo ndipo sisi tulipoingia. Mgonjwa hunyweshwa chembechembe ndogo mno, zisizoonekana kwa jicho, ambazo huigandama saratani na kuiacha nyama isiyo na ugonjwa. Ukiteremsha kooni kamera ya mpira mwembamba yenye taa ya bluu, palipo na ugonjwa hung'aa kijani. Jana yake nilikuwa nimemwonya Ebla asile wala asinywe chochote, nikarudia mpaka akaniangalia kama anaangalia mbuzi mkorofi.

Kamera ikateremka. Koo lote likang'aa, juu, katikati, mpaka chini kabisa. Daktari wa mradi, kijana mpole kutoka Nairobi, akaacha kuisukuma kamera. Mahat, aliyekuwa mlangoni, akaiona skrini.

"Hiyo yote ni ugonjwa?" akauliza.

Nikaigeukia trei ya vifaa. Nimewaambia watu wengi mno warudi nyumbani, na kila mara mdomo ni wangu, si wa daktari. Nilitamani nikae chini nisiinuke tena.

Daktari alirudisha kamera juu polepole mpaka ikatoka. "Hata ulimi unang'aa," akasema. "Saratani haifanyi hivi. Hebu muulize alikunywa nini."

"Mama hajakunywa kitu, wallahi!" Mahat akadakia. "Mimi nilikuwa na yeye usiku yote. Hakuna chai, hakuna maji. Tahliil beke yake."

Tahliil ndiyo ile watu wa pwani huiita kombe. Maalimu, mwalimu wa Kurani, huandika aya kwa wino wa zafarani na manjano, akaziosha kwa maji, mgonjwa akanywa. Na manjano ukiyamulika kwa taa ya bluu, nayo hung'aa kijani. Nilipandwa na hasira.

"Eedo, si nilikwambia usinywe maji?"

"Hayo si maji," akasema kwa sauti iliyokwaruzika. "Hiyo ni Kurani."

Bibi yangu angejibu vilevile. Nadhani hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Ikabidi tuiteremshe kamera tena tumsafishe koo, maji kidogo kidogo kupitia mpira wa kamera, tukiyafyonza na kurudia. Wino hutoka kwa maji. Chembechembe zetu zikishaganda hazitoki. Kijani kikafifia, kikaendelea kufifia, mwishowe kikabaki kipande kimoja karibu na tumbo, upana wa kucha ya kidole gumba. Daktari akatafuta kingine, hakukiona.

"Hiki kinakatika," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mahat alikaa sakafuni akajifunika uso kwa viganja, akimshukuru Mungu.

Kamera ilipotolewa, nikamwinamia Ebla nikamweleza kila kitu. Nilitegemea ahsante, sifichi, niliihitaji.

"Mmeiosha yote?" akauliza.

"Yote, eedo. Koo sasa ni safi."

Machozi yakamtoka, akaniita hooyo, mama, kama wazee wetu wanavyowaita watoto kwa upendo. "Sikuinywa ili nipone, hooyo. Kupona ni kwa Mungu. Mimi naogopa kisu. Baba yake Mahat alipelekwa Nairobi kukatwa, akarudi ndani ya sanda. Niliinywa nipate moyo wa kuwakubalia. Sasa mmeutoa wote kwa mpira wenu."

"Hooyo, nitaleta ingine," Mahat akasema.

"Maalimu yuko Hulugho, na gari ya Nairobi inatoka kesho." Akafumba macho. "Siendi."

Daktari alinitazama akingoja nimtafsirie. Sikutafsiri. Zamu yangu ilikuwa imekwisha, na kesho yake ndiyo ilikuwa inaanza likizo yangu, ambayo nilikuwa nimeipangia jambo moja tu, kulala nyumbani kwa mama.

Ebla akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vyepesi, lakini vilikaza.

"Basi uje wewe," akasema. "Ukisimama pale watakaponilaza, nitakubali."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi si dawa, na kwamba hata moyo wangu mwenyewe siku hizi siujui uko wapi. Nikamwambia nitakuja. Kisha nikatoka nje kumpigia mama simu asinisubiri.