Matufe ya Ijumaa

Mkaguzi aliahidi kufika saa nne asubuhi. Ilipofika saa kumi jioni nilikuwa nimeshafuta ubao mara sita, chaki imenijaa hadi kwenye nyusi.

Ilikuwa Ijumaa, mwaka 1967, kwenye shule yetu karibu na Nyamira. Nilikuwa mwalimu asiye na cheti, na somo hilo moja la Kiingereza ndilo lingeamua kama ningekipata au ningerudi kuchuma majani chai ya baba. Neno la siku lilikuwa "ball", yaani mpira au tufe. Mezani nilipanga mpira wa majani makavu ya mgomba, donge la uzi, jiwe la mviringo kutoka Tabaka na tonge la ugali lililokwishakauka. Asili ya neno niliikariri wiki nzima kwenye kamusi ya mchungaji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mgongo ulikuwa unaniuma.

Watoto walitazama dirisha zaidi kuliko ubao. Kwetu Wasabato, Ijumaa jua likizama chakula kiwe kimeiva, maji yamo mtungini, kila mtu yuko nyumbani. Mama yangu, Persis, hakuwahi kufungua Sabato kwa maombi kabla ya kutuhesabu watoto wake wote sita.

Mkaguzi, Bwana Omwenga, alifika saa kumi na mbili kasorobo, matope hadi magotini. Hakuomba radhi.

"Endelea, Mwalimu."

Nikaendelea mbio mbio. Watoto walishika kila kitu mezani na kulitamka neno.

"Waingereza walilipata wapi?" akauliza.

"Kwa watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya, bwana, waliovuka bahari wakalowea Uingereza."

"Na lile 'ball' la pili, la karamu ya dansi?"

Watoto wakainamisha vichwa. Dansi kanisani kwetu ni dhambi.

"Hilo ni neno jingine. Limepitia Ufaransa, mzizi wake ni wa Kilatini, maana yake kucheza dansi."

Akaandika kwa muda mrefu. Jua lilikuwa limefika kwenye mikaratusi, na mimi nilitamani kumpokonya kalamu.

Mama akatokea mlangoni. Hakuingia. Aliwaita wanafunzi wote kwa majina, mmoja mmoja, nao wakatoka bila kuniaga.

"Na wewe, Drusilla?"

"Nina maswali matatu bado," alisema Bwana Omwenga, bila kugeuka.

Nilijua la kufanya. Ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba nilijua. Niliubana mpira wa mgomba kifuani na kusema, "Nakuja, Mama. Dakika kumi tu."

Nilijibu yote matatu. "Umepita," akasema, akanipa mkono.

Nilikimbia hadi nyumbani. Nyimbo zilikuwa zimeshaimbwa, na hakuna aliyeniuliza chochote. Mdogo wangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba mama alihesabu hadi tano, akafumba macho, akaanza kuomba.