Salamu Niliyoiruka

Acha nijitukane mwenyewe kwanza, ili atakayetaka kunitukana baadaye akute kazi imeshafanyika. Mimi ni mpumbavu mwenye sauti nzuri. Sauti nilipewa na Mungu, upumbavu niliutafuta kwa mikono yangu.

Ni mtangazaji wa redio ya jamii. Kwetu redio ziko tatu. Kuna ya taifa, inayosikika nchi nzima. Ikisema mvua itanyesha, ujue itanyesha mahali fulani. Kuna ya jijini, ya biashara, yenye muziki na vicheko na zawadi za simu. Halafu kuna yetu, ambayo ukivuka daraja tu inaanza kukoroma. Studio ni chumba kimoja nyuma ya ghala la ushirika, na ukutani tumebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Sisi ndio tunaotangaza mbuzi aliyepotea na rangi yake, siku ya chanjo, bomba lililopasuka, na nani kaokota funguo sokoni. Redio ya taifa haiwezi kukutafutia mbuzi.

Kipindi changu ni saa nne asubuhi, na msikilizaji wangu nambari moja alikuwa Mama. Kwa nasaba ni dada mkubwa wa mama yangu mzazi, lakini mzazi alifariki nikiwa sijaota meno, kwa hiyo Mama ni yeye, sina mwingine. Miaka miwili hii kumbukumbu zilianza kumtoka. Alisahau kama mumewe amekufa, akasahau mlango wa choo chake mwenyewe, lakini saa nne hakuisahau. Binti yake, ambaye mimi humwita Dada, alimwekea redio mezani, nami kila siku nikishamaliza matangazo nilisema, “Mama, kaa hapo hapo. Nikitoka hapa nakuja.” Basi, hivyo tu. Anaitikia haya baba, anatulia tuli kama maji mtungini mpaka nifike mchana. Hapo ndipo Dada alipopata nafasi ya kufua na kuchota maji.

Watu walinitania kwa salamu hiyo. Nikipita sokoni wauza vitunguu wananiita Kaa Hapo. Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma, sitaki kusema uongo.

Redio ya jijini ikatafuta mtangazaji. Nikaomba, wakaniita. Walitaka nifike Alhamisi, saa nne hiyo hiyo, na kipindi changu kimoja kizima ndani ya flashi ili wanipime. Sasa, kituo chetu kina sheria moja tu, imeandikwa ukutani kwa wino mwekundu: kilichorekodiwa kisemwe kuwa kimerekodiwa. Mwandiko ni wangu. Jumatano jioni nikambembeleza fundi mitambo, tunayemwita Waya kwa wembamba wake, tukafunga mlango, nikarekodi kipindi cha kesho yake. Jua linazama, mimi nasema saa hizi ni saa nne na dakika kumi, habari za asubuhi. Kipindi kimoja, kazi mbili: kwetu kirushwe kama vile nipo, na kule jijini wanisikilize. Mshika mawili moja humponyoka. Methali hiyo nimeisoma hewani mara ishirini, sikuwahi kuisikia.

Nilipofika mahali pa kumsalimu Mama, nikasita. Nikamfikiria mkuu wa vipindi wa jijini akimsikia mtu mzima na ndevu zake anamwambia mama yake akae hapo hapo. Ataniona mshamba. Waya alininyooshea kidole nyuma ya kioo, kunikumbusha. Nikatikisa kichwa, nikamwashiria aingize muziki. Sikusahau. Laiti ningesahau, leo ningekuwa napata usingizi. Nilimwonea haya mama aliyenilea.

Jijini walinipokea vizuri. Vioo kila upande, zulia, na mkuu wa vipindi, mama mmoja mwenye haraka, akasikiliza kama dakika kumi huku anachezesha kalamu. Akasema sauti ninayo na nitaitwa. Mlangoni walikuwa wametuambia tuzime simu. Nilipotoka nikaiwasha, nikakuta Dada amenipigia mara kumi na moja.

Hakunigombeza. Hiyo ndiyo tabia yake, na siku ile ilinichoma kuliko tusi. Alinieleza yote kwa utaratibu. Mama alikuwa amekaa, anasubiri. Matangazo yakaisha, muziki ukaingia, akauliza, “Mbona hajanisema?” Dada akamjibu atakusema sasa hivi, akatoka uani kuanika nguo. Aliporudi, kiti kitupu. Mama alikuwa amemwambia jirani mlangoni kwamba mwanawe leo hajamsema, bila shaka ameanguka huko redioni, anakwenda kumwinua. Jirani akadhani ni yale maneno yake ya siku zote.

Dada akakimbilia kituoni nimtangaze. Sauti yangu iko hewani, inacheka, na studioni kiti changu hakina mtu. Waya alitazama chini, akaungama yote. Dada akamwambia akate hiyo rekodi, akakaa mbele ya maikrofoni yeye, ambaye hata kwenye kikao cha ukoo haongei, akaeleza gauni la kijani, kandambili, na mguu unaoburutwa kidogo. Vibarua wa machimbo ya mawe walikuwa na redio yao. Wakaacha nyundo, wakasambaa. Saa nane mchana walimkuta kwenye mtaro karibu na daraja, nyonga imevunjika. Alikuwa ameipita njia ya kuingilia kituoni bila kukata kona.

Mtaani ikawa sifa. Redio yako imemwokoa mama yako, wakanipa mkono. Dada aliwaambia niliitwa ghafla kikazi katikati ya kipindi, na siri ikabaki kwake na kwa Waya. Mara mbili nilifungua maikrofoni nikiwa nimeazimia kusema ukweli. Mara zote mbili nikasoma bei ya mahindi.

Daktari alisema hatatembea tena. Mimi nikarudi kwenye salamu yangu kwa nguvu zote. Kila saa nne nilimsema, kwa sauti ya wazi, wauza vitunguu wapende wasipende. Mchana nikienda kumwona ananiambia ahsante baba, lakini maneno hayo hayo alimwambia hata muuguzi. Nikajipa moyo kwamba ni dawa za maumivu.

Wiki ya sita wakapiga simu kutoka jijini. Kazi nimeipata. Nikaikataa pale pale, na Mungu anisamehe, nilijisikia mtu wa maana. Niliona kosa sasa limefutika.

Jumapili nikaenda kumweleza Dada. Nilimkuta anamgeuza Mama kitandani, nikamsaidia upande wa miguu. Alikuwa mwepesi mno. Tulipotoka sebuleni nikamwaga maneno yangu yote: kwamba sikwenda, kwamba nimebaki kwa ajili ya Mama, na kwamba nitamsema kila siku nikiwa hai.

Dada alikaa, akajifuta mikono kwa gauni lake.

“Ungeenda tu, ndugu yangu,” akasema. “Mama hakusikilizi tena.”

Nikamuuliza tangu lini. Tangu alipotoka hospitali, akasema; hakutaka kunivunja moyo. Nikianza tu kuongea Mama ananyoosha mkono anaizima. Anasema huyo si mwanawe. Mwanawe alianguka siku ile, na watu wa redio wanamficha asijue, wamemweka mwingine wa kumwigiza. Kisha anamlilia, kila siku, saa nne.

“Kwa hiyo nimetoa betri,” akasema. “Nimezitia kwenye saa ya ukutani.”

Kutoka chumbani Mama akaita, akamuuliza Dada kama yule mgeni amepewa kiti.

Dada akamjibu kwamba amepewa.