Doa kwenye Kola

Doa lenyewe lilikuwa dogo, ukucha wa kidole cha mwisho ungelifunika. Lilikaa upande wa ndani wa kola ya koti jeupe la daktari, mahali ambapo shingo ya mvaaji ingelificha hata mwaka mzima. Lakini koti lilikuwa limeshapita kwenye pasi, moto ukalitoa doa kwenye wekundu ukalipeleka kwenye rangi ya kutu, na msimamizi alikuwa na macho ya kutafuta mabaya. Alilishika kwa ncha za vidole viwili, akaliinua chini ya taa, akalinusa.

"Nani huyu?"

Wanawake sitini waliinamia cherehani zao, utadhani swali ziliulizwa cherehani.

Walimwita Rula, si mbele yake, kwa ajili ya rula ya chuma ambayo hakutengana nayo hata akienda msalani. Aliitumia kupimia kola, kukunia mgongo na kugongea meza. Sasa aliigonga.

"Koti la tatu hili wiki hii. Hospitali imeagiza makoti, haikuagiza nguo za bucha. Kuna mtu humu anakohoa damu na anajitia hamnazo."

"Hapa hakuna anayekohoa, bosi," sauti ilitoka nyuma.

"Basi mwenye sauti hiyo aje mbele atuambie damu inatoka wapi."



Kwenye cherehani namba arobaini na moja, mwanamke waliyemwita Mama Pacha alisukuma jino la mbele la chini kwa ncha ya ulimi. Likasogea, likarudi. Ladha ya chumvi na chuma ikamjaa mdomoni, akaimeza taratibu ili koo lisionekane likicheza. Damu ya nani, alijua. Kilichomkosesha raha ni kutojua nani mwingine alijua.

Miezi saba tu nyuma, kila cherehani ilikuwa na mkasi wake mdogo wa kukatia uzi, umefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Mitatu ikapotea. Rula akaikusanya yote iliyobaki, akaifungia kwenye kabati la kioo ofisini kwake, ikapangwa safu kwa safu iking'aa, kila mtu aione akipita kwenda chooni. Hakuna aliyetamka kwamba watumie meno. Rula alisema tu kwamba mikasi imewashinda, na kwamba idadi ya kola kwa siku ni ile ile. Basi wakauma. Kola moja ina nyuzi nane za kukata, na anayetaka kufikisha idadi hana muda wa kuhangaika na jino la pembeni.

Mama Pacha hakuulaumu uzi. Damu ilikuwa imeanza kabla ya hapo, asubuhi moja alipopiga mswaki akatema povu la rangi ya waridi. Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili zake angefanya: panapouma usipaguse. Akaacha kupiga mswaki meno ya mbele ya chini, akawa anasukutua maji tu. Ufizi ukavimba, ukaiva, kisha ukaanza kuteremka ukiyaacha meno uchi, kila mwezi yakionekana marefu zaidi kwenye kioo. Asubuhi alijisikia harufu mwenyewe. Akaacha kucheka. Aliyekuwa akiichekesha karakana nzima sasa alijibu kwa nyusi.

Mama mkwe wake, kibogoyo tangu akiwa na miaka arobaini, alimtazama mdomoni siku moja na wala hakushtuka. "Ni mambo ya uzazi hayo. Umezaa wawili kwa mpigo, ulitegemea nini? Yatadondoka yenyewe, upumzike."

Mumewe alikuwa ameanza kulala akiuelekea ukuta. Mama Pacha alimpekua mifuko ya shati, akakuta pipi za mnanaa. Mwanamume mzima, hali pipi, anatembea na pipi za mnanaa. Akajua pana mwanamke.

Na palikuwa na jirani yake wa cherehani namba arobaini na mbili, Bi Kimya, jina alilojipatia mwenyewe kwa kutosema maneno kumi kwa siku. Alizoea kumimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake na kumsogezea Mama Pacha bila kusema karibu. Mama Pacha alipiga mahesabu ya nyuma: chai ilianza lini, damu ilianza lini. Tangu hapo kifuniko kikisogezwa, alisema ameshakunywa.

Siku mbili baada ya doa la tatu, nesi wa zahanati ya kiwanda aliwekewa meza kwenye mlango wa stoo. Mbele yake palikuwa na sinia na vipande vya kitambaa cheupe, mabaki ya kitambaa kile kile cha makoti, kila kimoja kimeandikwa namba ya cherehani.

"Kila mtu atauma kitambaa," Rula alitangaza. "Mwenye mdomo msafi hana la kuogopa."

Mama Pacha alikuwa ameshasukutua maji ya baridi mara nne. Alipofikiwa, alikibana kitambaa kwa magego.

"Mbele, mama," nesi alisema. "Uma kwa mbele, hesabu mpaka kumi."

Akahesabu haraka. Nesi alikiangalia kitambaa, hakukiweka kwenye sinia. Alimwita ndani ya stoo, nyuma ya ukuta wa mbao nyembamba, akawasha tochi.

"Fungua. Inavuja tangu lini?"

"Haivuji."

"Mama Pacha."

"Leo tu."

Nesi alibonyeza ufizi kwa kijiti bapa. Tone la usaha likatokeza pembeni mwa jino. "Hii si ya leo, dada yangu. Wala si kifua, usitetemeke. Ni ugonjwa wa ufizi. Huu ukoga unaobaki kwenye meno ukiachwa unakuwa mgumu kama jiwe, unaitwa ugaga, unashuka chini ya ufizi na kula mpaka mfupa unaoshika jino. Ndiyo maana yanacheza. Unapiga mswaki?"

"Napiga. Ila si hapo panapovuja."

"Hapo hapo ndipo pa kupiga. Brashi laini, taratibu, asubuhi na usiku. Panavuja kwa sababu ni pachafu, ukipaacha panazidi. Halafu uende kwa daktari wa meno akukwangue huo ugaga, maana mswaki hauutoi tena. Unatibika."

Mama Pacha alimtazama. Tangu lini mtu akaambiwa asugue kidonda? Na tangu lini nesi huyu, ambaye kwa kichwa na kwa tumbo hutoa kidonge kile kile, akamwita dada yangu?

"Bosi ndiye aliyekutuma uniambie hivyo?"

Nesi alizima tochi. "Kaa hapo nje, nikimaliza wengine nitaongea naye."

Akakaa kwenye robota la kitambaa mpaka wa mwisho alipouma na Rula akaingia stoo. Mbao zilikuwa nyembamba, na yeye hakuziba masikio.

"Thelathini na wanne, bosi," sauti ya nesi ilisema. "Zaidi ya nusu. Wote ni ufizi, hakuna hata mmoja wa kifua kwa ninavyoona. Waandikie waende kwa daktari wa meno. Na warudishiwe mikasi, uzi unawachimba pale pale palipooza."

"Nani kakuuliza habari ya mikasi?"

"Nasema tu."

"Mimi thelathini na wanne nawapeleka wapi? Nani atashona? Hospitali inataka kuona tumechukua hatua. Nipe mmoja."

"Mmoja yupi?"

"Aliye mwekundu zaidi."

Mama Pacha aliusikia mlio wa vipande vya kitambaa vikipekuliwa.

Rula alipomwita ofisini alikuwa na tabasamu, na tabasamu la Rula lilimtisha kuliko rula yake. Alimpa kiti. Akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Sikufukuzi, Mama Pacha. Mimi si mnyama, nina mama yangu na mimi. Nenda ukatibiwe, uniletee cheti chenye mhuri kwamba umetibiwa. Ukikileta kufikia Ijumaa, utaikuta cherehani yako. Baada ya hapo, wewe mwenyewe unaona getini kila asubuhi, watafuta kazi wanavyopanga foleni. Na tangu leo kila kola itashonewa namba ya cherehani kwa ndani. Tuaminiane."

Nyuma yake, kwenye kabati, mikasi ilikuwa imefutwa vumbi.

Hospitalini alisubiri tangu asubuhi hadi jua likawa la utosi. Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, na Mama Pacha, kabla ya kumwangalia uso, alimwangalia kola. Pembe zilikuwa na mshono wa kurudia, wa karakana yao bila shaka. Alitafuta doa. Hakuliona, na hilo halikumtuliza.

Daktari aliingiza chuma chembamba chenye alama kati ya jino na ufizi, kikazama kuliko alivyotegemea. Akakunja uso kidogo.

"Haya manne ya mbele yamelegea, lakini yanaokoleka. Leo nakukwangua upande huu, wiki ijayo ule, halafu uwe unakuja nikuangalie. Ukiyapiga mswaki sawasawa, ufizi utashikana tena."

Maneno yale yale ya nesi. Mama Pacha alijaribu kutafuta walikokutana hawa wawili kupanga njama, akakosa. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi akasikia kitu kikilegea kifuani, akachukua karatasi ya daktari na kwenda nayo dirisha la malipo karibu anatabasamu.

Karani aliisoma, akaigeuza kadi ya matibabu ya kiwanda upande wa nyuma, akamrudishia vyote viwili. "Kadi hii ni ya kung'oa tu. Kusafisha hawalipii. Ni urembo."

"Daktari amesema ni ugonjwa."

"Amesema yeye. Huku imeandikwa urembo."

"Nani aliyeandika?"

"Mama, una watu nyuma yako."

Alirudi chumbani kwa daktari akasimama mlangoni. Bei ya kulipa mwenyewe alikuwa ameisoma ukutani, na hakuhitaji kuisoma mara mbili.

"Ukining'oa," aliuliza, "utaniandikia nimetibiwa?"

Daktari alivua miwani. "Nitakuandikia, fomu yao ndivyo inavyosema. Lakini nitakuwa sijakutibu. Ugonjwa utabaki kwenye mengine, na mwakani utanirudia na hayo."

"Mwakani ni mbali, daktari. Ijumaa ni kesho."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona makoti. Kama hilo."

Daktari aliutazama mkono wa koti lake. Kisha akavuta sindano ya ganzi.

Yalitoka manne, moja baada ya jingine, bila ubishi mkubwa. Yalipolala kwenye kisahani Mama Pacha aliinama kuyaona. Hayakuwa na tundu hata moja. Juu yalikuwa meupe, ya kuchekea kabisa, na chini, kwenye mizizi, yalikuwa yamegandwa na kitu cheusi kama kokoto. Nesi hakuwa amemdanganya. Mama Pacha aliona uchungu ambao ganzi haikuufikia, akageuza uso.

Nyumbani mumewe alimtazama mdomo uliojaa pamba, akatoa pipi za mnanaa mfukoni na kuziweka mezani. "Nilikununulia wewe tangu siku zile," alisema. "Nikaogopa utachukia."

Mama Pacha alizitazama. Asingeweza kutia hata moja mdomoni.

Ijumaa Rula aliupitisha ukucha wake juu ya mhuri kuona kama unafutika. Haukufutika. "Umeona?" alisema. "Si mambo ya kuogopana haya." Akaiandikia hospitali barua mbele yake kwamba mhusika amepatikana na ametibiwa.

Kiti cha cherehani namba arobaini na moja kilikuwa kimesogezwa na mtu aliyekaa jana. Mama Pacha aliweka kola ya kwanza, akaizungusha chini ya sindano, akashonea namba yake kwa ndani, nne na moja, kwa uzi wa buluu. Akaivuta. Akaupeleka uzi mdomoni.

Meno ya juu yalishuka yasikutane na kitu. Uzi ukateleza kwenye ufizi ulioshonwa, akasikia moto mpaka sikioni. Akajaribu kwa gego, akashika kitambaa badala ya uzi. Akajaribu kwa ukucha. Kando yake marobota yalikuwa yanasubiri, na kote karakanani cherehani hamsini na kitu zilikuwa zimeshashika kasi.

Mkono ukaja kutoka kulia. Bi Kimya, bila kumtazama, aliivuta kola kwake, akainama, akauma uzi. Tap. Akauma wa pili. Akauma yote minane upesi upesi, akamrudishia.

"Nipe mimi," alinong'ona, na hayo yakawa maneno yake mawili ya kwanza ya siku. "Wewe shona tu."

Ndipo Mama Pacha alipouona mdomo wake kwa karibu: ufizi ulioiva, meno yaliyorefuka, uzi mwembamba wa wekundu kati ya jino na jino. Aliikumbuka chai yote aliyoikataa. Akaona haya.

Akaigeuza kola ili aiweke kwenye fungu. Upande wa ndani, kando ya ile nne na moja ya buluu, palikuwa na doa bichi, jekundu, dogo la kufunikwa na ukucha.

Bi Kimya naye aliliona. Mikono yake ikasimama juu ya cherehani.

Mwanzoni mwa safu rula iligonga meza ya kwanza, kisha ya pili. Mama Pacha alilowesha kidole kwa mate akasugua doa, na doa likatanuka, kwa sababu mate yake nayo yalikuwa mekundu.