Kitenge cha Kwaya

Kitendawili, wajukuu! Ni nguo ya bantu bengi, lakini akivuliwa mmoja, anageuka mchawi. Mumeshindwa? Njo kitenge cha kwaya yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka.

Mtoto wa pasta alifia mikononi mwa Nzigire, rafiki yangu wa kwaya. Kesho yake ikasemwa nimemroga mimi. Kwaya nzima ikaamini, wakanivua kitenge mbele ya kanisa. Nikauliza, "Nani amesema?" Wakaanza wimbo mwingine.

Nikahamia Kawale, mjini, nikawa fundi cherehani. Miaka ikapita, kwaya ile ile ikaniletea vitenge vya Pasaka nishone. Wao walikuwa wamesahau. Mimi sikusahau.

Nilishona vyote isipokuwa cha Nzigire. Siku ya kuchukua, wenzake wakavaa, wakapendeza, yeye akabaki na gauni lake la jikoni. Wakaanza kumtazama kwa pembeni.

"Mbona yeye tu?" mmoja akanong'ona. "Iko na kitu, huyu." Wakamsogea mbali.

"Mama Darlène, changu kiko wapi?" Nzigire akaniuliza.

"Kiko hapa magotini, sijakishona. Unijibu kwanza, dada: nani alisema nimemroga mtoto?"

Akawatazama wenzake, akainamisha kichwa.

"Mi njo nilisema. Hata sikuamini. Niliogopa batanivua mi."